Siku Kompyuta Yangu Ilipokuja Kuposwa

Jana mchana niliota. Ndoto za watu wenye heshima zao huja usiku, najua, lakini yangu ilinijia saa nane na robo mchana, kichwa kikiwa juu ya meza ya kazi na tumbo likiwa na sahani nzima ya kande. Naisimulia kama ilivyokuwa, sitii chumvi, maana ilikuja imeshatiwa.

Kwanza mnifahamu. Naitwa Subilaga. Nahariri video za harusi, sendofu za kuaga mabinti na vipaimara hapa Mbeya, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia marehemu baba. Kompyuta yangu ina miaka kumi na mmoja. Naiita Bibi, kwa sababu ukiiwasha hukohoa kwanza, halafu huuliza jambo, halafu husahau iliuliza nini. Programu mpya ya kuhariri, ile ambayo siku hizi kila bibi harusi anataka rangi zake, ilikuwa imeshamkataa Bibi mara nne. Kila nikijaribu kuiweka huleta kisanduku cheupe: mashine yako haijafikia masharti ya chini.

Kwa hiyo nilizungumza na fundi Gwakisa. Akasema atakuja saa kumi jioni na kumbukumbu mpya, diski mpya na kadi mpya ya picha. Ile diski ya zamani ataifuta yote, iwe ya kuanzia upya.

"Vitu vyako umehamisha, dada Subi?" aliniuliza kwenye simu.

"Nimehamisha kazi zote zilizokwisha," nikamjibu.

Ni kweli nilihamisha. Video mbichi sikuzihamisha, za nini? Harusi ikishakatwa, ikaunganishwa na kukabidhiwa kwa wenyewe, mabaki yake ni kama vitambaa vya chini ya cherehani. Nikala kande zangu, nikaegemea meza.

Hodi ikapigwa.

Walioingia walikuwa wawili. Mmoja mwanamume wa makamo mwenye suti ya kijivu na bahasha ya kaki. Mwingine mama mnene wa kitenge, mkononi ana saa ya ukutani aliyoibeba kama mtu anavyobeba kuku. Mwanamume akakaa bila kukaribishwa, akakohoa, akasema, "Mama mwenye nyumba, tumepita barabarani, tukaona ua zuri humu ndani."

Nikajiweka kanga sawa. Nina miaka thelathini na tisa, na hodi ya namna hii haijawahi kupigwa kwa ajili yangu. Ilipigwa mara moja tu katika nyumba hii, kwa ajili ya mdogo wangu Atuganile, na mimi ndiye niliyeipiga video.

"Si wewe," mshenga akasema kwa upole. "Ni yule pale mezani."

Nikageuka. Bibi alikuwa amejifunika kitambaa changu cha vumbi kichwani, taa yake moja ya kijani ikitazama chini kwa aibu.

"Anayeposa ni nani?" nikauliza.

"Programu mpya. Kijana mzuri, hana makuu, ila ana masharti." Akafungua bahasha, halafu akaomba sote tuhamie sakafuni, kwa kuwa masharti ya chini hayasomwi watu wakiwa kwenye viti. Tukakaa sakafuni. Akasoma: kumbukumbu gigabaiti kumi na sita, kadi ya picha ya kizazi hiki, diski isiyozunguka, blanketi la babu, mkaja wa mama.

"Subiri kidogo," nikasema. "Orodha hutolewa na upande wa kike. Anayekuja kuoa ndiye anayeleta."

"Zamani," akasema mshenga.

"Blanketi la babu yake nani? Kompyuta haina babu."

"Basi hilo tutalisamehe," akasema, akalikata kwa kalamu. Nikaona nimeshinda, ingawa sikujua nimeshinda nini.

Yule mama wa saa ghafla akasema, "Imebaki dakika moja."

"Dakika moja ya nini, mama?"

Akaitazama saa yake, akaisogeza karibu na sikio. "Imebaki saa sita," akasema.

Mshenga akanielezea kwamba huyo ni Mama Makadirio, amefuatana naye katika posa zote, na kwamba nisimtegemee wala nisimpuuze.

Sasa, kwa desturi yetu, huwezi kupokea posa bila kumuuliza binti. Nikamgeukia Bibi. "Bibi, wageni hawa unawafahamu? Tupokee?"

Bibi akakohoa kwa feni yake. "Sijakataa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala mchana. "Lakini siwezi kuolewa na watu tumboni. Washuke kwanza."

"Watu gani?"

"Wa kwako. Miaka kumi na mmoja unanipakia watu, hujawahi kuniambia mmoja ashuke."

Mshenga akapiga kofi moja. Chumba changu kikawa ukumbi, na sikushangaa, nilishangaa tu kwamba viti vilikuwa vimeshafungwa mapambo. Ubavu wa Bibi ukafunguka na watu wakaanza kutoka.

Maharusi walitoka polepole mno. Bwana harusi mmoja alitumia muda wa kupika maharage kuinua mguu mmoja. Nikaomba radhi kwa wageni, maana nilijua kosa ni langu, ndivyo nilivyowahariri. Mchungaji mmoja hakutoka kwa miguu, alififia upande ule akatokea upande huu. Mama mmoja wa kipaimara nilichopiga kule Isangati alitoka akicheza, akarudi ndani, akatoka tena akicheza, akarudi, akatoka mara ya tatu, kwa sababu pale nilikuwa nimemrudiarudia mwenyewe kwa kumpenda. Kila mtu alikuwa na sahani. Mshenga akawahesabu kwa kuwawekea alama ya tiki kwenye paji la uso.

Ndipo nikamwona Gwakisa, kwenye kona ya mbali ya ukumbi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa anapiga deki. Anachovya tambara kwenye ndoo, analikamua, anavuta kutoka kushoto kwenda kulia, na tambara linapopita watu hawapo tena. Anaanza na viatu vyao, kisha wenyewe wanakwisha taratibu mpaka kofia.

"Gwakisa, unafanya nini?"

"Nafuta, dada Subi. Si tulikubaliana?" Akachovya tambara. "Saa kumi nimalize, nina kazi nyingine Uyole."

"Endelea tu," nikamwambia, kwa sababu ni kweli tulikubaliana, na hao watu kazi zao zilikuwa zimekwisha.

Mshenga akapekua karatasi zake akakunja uso. "Hesabu haitimii. Kuna mtu mmoja hajashuka."

"Nani?"

"Hana jina hapa. Imeandikwa tu: mzee, koti la kahawia, yuko chini ya wimbo."

Nilimjua papo hapo.

Hapa inabidi niwaeleze jambo, ingawa ndotoni hakuna aliyenieleza. Sisi wa kazi hii tuna desturi. Mzee akishika kipaza sauti, tunamfunika. Unaiacha picha yake, unaizima sauti yake, unaweka wimbo, halafu unaonyesha watu wakila. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Sendofu ya Atuganile ilipofika zamu ya baba, nilimfunika vilevile, dakika tano kasoro, kwa matarumbeta. Wakati anaongea mimi sikuwepo chini ya turubai, nilikuwa nje nagombana na jenereta, kamera nimeiacha peke yake juu ya stendi. Wala sikuona haja ya kusikiliza wakati wa kuhariri. Baba alikuwa hai, yuko chumba cha pili ananoa jembe, nikitaka kujua alisema nini si nitamuuliza.

Sikumuuliza. Mwaka uliofuata akafa. Nimewauliza watu wengi tangu hapo kama siku ile aliwataja watoto wake wote au aliyeolewa tu. Atuganile ananiambia, "Baba alishukuru watu, dada." Watu gani, hakumbuki. Miaka sita sasa tangu sendofu hiyo.

"Uko wapi huo wimbo?" nikamuuliza mshenga.

"Shuka ngazi hizo."

Ninashuka ngazi. Ngazi zimefumwa kwa kitambaa, na kila ninapokanyaga zinatoa sauti fupi ya mtu: asante, karibuni, jamani, one two one two. Chini kuna mlango, na mlangoni amesimama mkasi wa urefu wangu, miguu imepanuka, kofia ya mgambo juu ya kishikio kimoja.

"Unakwenda wapi?" mkasi unauliza.

"Kwa baba."

"Una kibali?"

"Ni baba yangu."

"Hilo halinihusu. Aliyenileta hapa ni wewe." Unatoa daftari. "Sendofu ya Atuganile. Hotuba ya mzee umeniita mara tatu. Mara ya kwanza alipopenga kamasi. Mara ya pili alipokosea jina la mwenyekiti wa kamati. Mara ya tatu ulipochoka."

"Vipande hivyo viko wapi?"

"Vipo. Situpi kitu. Mtu anayetupa anakuja na ndoo."

Nikageuka nyuma. Juu ya ngazi tambara la Gwakisa lilisikika, likivutwa na kukamuliwa.

"Wewe mkasi, ulikuwepo. Alisema nini?"

"Mimi hukata," mkasi ukasema. "Sisikilizi. Nilijifunza kwako." Ukafunga miguu yake kidogo, nikapita ubavuni kwa kujibana.

Ndani palikuwa uani kwetu, mchana kweupe, turubai limefungwa kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye paa la jiko. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua, koti la kahawia, ua la karatasi kifuani, kipaza sauti mkononi. Juu yake wamelala wanaume watano wa matarumbeta, mmoja juu ya mwingine, kama magodoro dukani. Walikuwa wamevaa sare nyekundu na viatu. Baba hakuonekana kulemewa. Alionekana kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Ugonile, baba," nikamsalimu.

Baba akafungua mdomo anijibu, na mdomoni mwake ikatoka tarumbeta, ile sehemu ya mwanzo ya wimbo, ya kuingiza maharusi.

"Sijasikia vizuri, baba."

Akarudia. Tarumbeta ile ile, ila taratibu zaidi na kwa kunionyesha kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya akinielekeza dukani. Nikaona aibu kumrudisha mara ya tatu. Mtu mzima haulizwi mara tatu.

"Baba, nimekuja na swali moja," nikasema. "Siku ya kumuaga Atuganile, ulinitaja?"

Akatabasamu. Akaweka kipaza sauti sawa, akaniambia kwa kirefu sana, kwa matarumbeta manne na ngoma moja. Alipofika mahali fulani akanyoosha mkono kuelekea nje, kwenye jenereta. Alipofika mahali pengine akafanya vidole kama anazungusha kitu kidogo, hivi, hivi. Mimi natingisha kichwa kama mtu anayeelewa. Sielewi hata kidogo, na nalia, na muziki wenyewe unachezeka.

Nikamwendea mkubwa wa matarumbeta, aliyelala juu kabisa. "Mkubwa, naomba mnyanyuke. Mmemlalia mzazi wangu."

"Wewe ndiye uliyetulaza," akasema bila kufungua macho. "Ulituambia, laleni hapa mpaka mzee amalize."

"Si alimaliza zamani?"

"Mtu humaliza kusema akisikiwa. Huyu bado." Akajikuna. "Usijali, mwanangu. Hakuna refu lisilo na ncha."

Mlango ukafunguka. Akaingia Gwakisa na ndoo yake, nyuma yake mshenga, na nyuma ya mshenga Mama Makadirio akiwa ameiweka saa kichwani.

"Mama mwenye nyumba, tunachelewa," mshenga akasema. "Kijana wetu ana nyumba nyingine za kwenda. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

"Imebaki dakika mbili," akasema Mama Makadirio.

Gwakisa akaanza kupiga deki kwenye mparachichi. Mparachichi ukaondoka. Akaja kwenye jiko, jiko likaondoka na moshi wake. Akafika mbele ya kiti, akainama kwa adabu. "Shikamoo mzee. Naomba unyanyue miguu."

Baba akajibu marahaba kwa tarumbeta, akanyanyua miguu. Tambara likapita. Lilipita chini ya soli za viatu vyake bila kuvigusa, nami nikaona kwamba safari ya kurudi lingevigusa.

"Gwakisa, huyu usimfute."

"Sijakataa, dada Subi, lakini lazima afunguliwe ndipo ahamishwe. Na kufungua wimbo mzima, matarumbeta manne na ngoma, kunahitaji kumbukumbu. Kumbukumbu imejaa."

"Ya Bibi?"

"Yako." Akapangusa mikono kwenye suruali, akaipeleka nyuma ya sikio langu, akachomoa kibao cha kijani, chembamba, chenye meno ya dhahabu. "Una nafasi mbili tu, na zote zina watu. Toa kimoja, tutapata pa kupitia."

Akanisomea kilichoandikwa. Kulikuwa na jedwali la kuzidisha mpaka kumi na mbili. "Toa hilo," nikasema. Akalipima mkononi. "Dogo." Kulikuwa na wimbo wa tangazo la sabuni ya unga. "Toa na huo." "Mdogo." Kulikuwa na namba ya simu ya mwanamume mmoja wa Tukuyu ambaye aliacha kupokea. "Toa," nikasema, ingawa kwa hilo nilifikiri kidogo. Akaipima. "Ya wastani. Haitoshi."

Akageuza kibao upande wa pili. "Hapa kuna jambo moja linakula nusu ya nafasi peke yake. Maneno ya shangazi Tumwene, sendofu ya Atuganile, saa tano asubuhi, mlangoni kwa jiko."

Wakati ule nilikuwa nayajua maneno hayo neno kwa neno. Ndiyo yaliyonifanya nisimame nyuma ya kamera siku nzima, nisiende mezani, nisile. Miaka sita nilikuwa nayatoa kila jioni nayapangusa vumbi nayarudisha. Shangazi mwenyewe tukikutana msibani namwamkia kwa ncha ya midomo.

"Hayo ni yangu," nikamwambia Gwakisa.

"Najua ni yako. Mwingine hana."

"Nikiyatoa nitabaki na nini cha kumjibu siku akinisema tena?"

Gwakisa akainamia ndoo yake. Akashika tambara. Mama Makadirio akaitikisa saa yake, akasema, "Imebaki dakika moja," na safari hii sauti yake haikuwa ya kukadiria.

Baba alikuwa bado amenyanyua miguu. Mtu wa miaka sabini na mbili, magoti yanamtetemeka, anangoja aambiwe ashushe.

"Chomoa," nikasema.

Akachomoa. Hapa ndotoni pana pengo, kama mahali pa jino. Gwakisa akatia kitu kwenye ndoo, kikazama kwa sauti ya jiwe.

Mkubwa wa matarumbeta akafungua macho. Akaketi, akapiga miayo, akashuka. Wa pili akashuka, wa tatu, wa nne. Wa tano alikuwa na ngoma, alichelewa kwa sababu ya mkanda wake. Waliposhuka wote, pakawa kimya uani hata nikasikia jenereta, mbali, likihema.

Baba akashusha miguu. Akasafisha koo. Alinitazama mimi, si kamera, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kukwaruza:

"...mfuniko wenye bolti."

"Nini, baba?"

Chini ya kiti akatoa sahani. Ilikuwa imefunikwa na mfuniko wa sufuria ya zamani, ule uliong'oka kishikio nikiwa darasa la tano, baba akaufunga bolti ya baiskeli yake. Mfuniko huo ulikwishapotea. Sijaufikiria miaka na miaka. Nikashika bolti ili nifunue, bolti ilikuwa ya moto, na hodi ikapigwa.

Hodi ikapigwa tena. Nikainua kichwa kutoka kwenye meza. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na Gwakisa alikuwa mlangoni na begi lake la kazi, suruali yake haijakunjwa.

"Ulikuwa umelala, dada Subi? Basi tuanze. Hii ya zamani naifuta sasa hivi, halafu ndio nifungue mashine."

"Usiiguse," nikamwambia. "Kaa pale."

Akakaa. Nikaitafuta sendofu ya Atuganile katika programu ya zamani, ile kazi yenyewe ambayo sikuihamisha, yenye video mbichi chini yake. Bibi akakohoa. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa: imebaki dakika moja. Halafu: imebaki saa sita. Gwakisa akacheka. Mimi sikucheka. Halafu: imebaki dakika mbili, na kazi ikafunguka.

Nikasogea mpaka kwa baba. Nikaushika wimbo wa matarumbeta, nikautoa. Nikaiwasha sauti iliyokuwa chini yake. Vile vipande vitatu nilivyokata nikavirudisha mahali pake, kupenga kamasi kukiwemo.

Baba akashukuru kamati. Akakosea jina la mwenyekiti. Akawashukuru wakwe, akampa Atuganile maneno yake, mazuri, marefu kidogo. Pale nilipokuwa nimechoka nikakata, yeye hakuwa amechoka. Alisema:

"Sasa ninaye mkubwa wangu, Subilaga. Mmemwona anazunguka na kamera tangu asubuhi, na saa hizi yuko nje anahangaika na jenereta ili ninyi mzione sahani zenu. Hajala huyo. Dada Tumwene, mwekee mwanangu chakula. Paja liwemo. Umfunikie na ule mfuniko wenye bolti, ule paka hawauwezi."

Watu wakacheka chini ya turubai. Baba akawangoja wamalize, akasema tena, bila kucheka, "Msimsahau."

Sahani hiyo niliila. Niliikuta juu ya pipa la maji karibu na jenereta, imefunikwa, na giza lilikuwa limeanza kuingia. Sikutazama imefunikwa na nini. Nilidhani mtu amejiwekea chakula chake, nikala nimesimama, haraka haraka, kabla mwenyewe hajarudi.

Nikairudisha hotuba nyuma, nikaisikiliza tena. Gwakisa akatazama ukuta, kama mtu mwenye adabu zake.

"Kumbukumbu mpya weka," nikamwambia baadaye. "Kadi weka, diski mpya weka. Ile ya zamani ibaki humo humo ndani na watu wake. Usifute mtu."

"Na nafasi, dada Subi? Itatosha?"

"Itatosha. Leo mchana kimetoka kitu kikubwa."

"Kitu gani?"

Nikafikiri, mkono uko nyuma ya sikio. Nakumbuka kilihusu shangazi Tumwene, mlangoni kwa jiko, saa tano asubuhi. Alisema nini, sikumbuki.